Baa Waliinunua, Kuta Hawakuzinunua: Kisa cha The Stud, San Francisco

Mapema Julai 2016, mmiliki wa The Stud, baa ya wapenzi wa jinsia moja jijini San Francisco, aliwaita wateja na wasanii wake baani, akawapa habari mbili kwa mpigo. Jengo lililokuwa kona ya Mtaa wa 9 na Harrison limeuzwa, na pango linapanda kutoka dola 3,800 kwa mwezi hadi dola 9,500. Yeye naye, baada ya miaka 20 ya kuiendesha, amechoka na anapumzika. Anayeitaka baa ajitokeze.

Miaka ile habari za baa kufungwa San Francisco zilikuwa zimezoeleka. Esta Noche, baa ya Walatino wapenzi wa jinsia moja iliyofunguliwa 1979, ilikuwa imefungwa 2014. Lexington Club, ya wanawake wapendao wanawake, ilifuata 2015. Safari hii waliojitokeza kununua walikuwa walewale waliokuwa wakipanda jukwaani, wakipiga muziki na kuhudumia kaunta. Watu wapatao 18 waliunda chama cha ushirika, na mwaka ulipogeuka baa ikawa mikononi mwao. Miaka 3 na nusu baadaye hawakuwa na mlango wa kufungua. Ikapita karibu miaka 4 mingine, wakafungua tena, katika mtaa uleule baa ilikozaliwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi kitu ambacho wafadhili wa sanaa hukipita bila kukigusa. Msanii wa majaribio, na zaidi msanii kuchu wa dragi au wa dansi, huangushwa na pango kabla hajaangushwa na kitu kingine chochote.

Jukwaa lenyewe

Nianze na maneno. Dragi ni sanaa ya kuigiza jinsia jukwaani: mavazi, wigi, vipodozi, mwendo, na mara nyingi wimbo wa pleibeki ambao msanii anaufuata kwa midomo na kwa mwili mzima. Si lazima awe mwanamume aliyevaa kike. Jukwaa la dragi hupandwa na wanawake, na watu waliobadili jinsia, na wengine ambao wakishavaa huwezi kusema wamevaa kike au kiume. Na ninapoandika kuchu, natumia neno ambalo wenyewe kule Uganda walijipa na kulishika kwa heshima: watu wanaopenda jinsia yao, waliobadili jinsia, na wote wasioenea katika vyumba viwili tulivyovizoea. Maneno mengi tuliyo nayo kuwaita watu hawa ni matusi, nami siandiki makala hii kumtukana mtu.

The Stud ilifunguliwa 1966, namba 1535 Mtaa wa Folsom, na 1987 ikahamia kwenye jengo la Mtaa wa 9. Agosti ya mwaka huohuo wa 1966, si mbali na hapo, wanawake waliobadili jinsia walikuwa wamechoka kusumbuliwa na polisi, wakapambana nao katika mgahawa wa Compton's, kona ya Turk na Taylor, miaka 3 kabla ya mapambano kama hayo kwenye baa ya Stonewall ya New York. Sheria ya jiji ya 1863 iliyomkataza mtu kuonekana hadharani na mavazi yasiyo ya jinsia yake ilikuwa bado inatumika. Ilikuja kufutwa 1974. Kabla ya hapo José Sarria, mhudumu wa baa ya Black Cat aliyekuwa akiwaimbia wateja opera amevaa gauni, aligombea udiwani 1961 akapata kura zaidi ya 5,000. Hakushinda, lakini alikuwa ametangulia kwa miaka 16 ushindi wa Harvey Milk, diwani wa jiji aliyejitangaza wazi kuwa mpenzi wa jinsia moja. Mwaka 1963 Black Cat ilinyang'anywa leseni ya pombe.

Nayataja haya ili ieleweke kwamba katika jiji lile baa imekuwa ukumbi wa maonyesho, ofisi ya kampeni na mahali pa kuchangishana kwa wakati mmoja. UKIMWI ulipoingia, jukwaa lililochekesha watu Jumamosi ndilo lililokusanya fedha za dawa na za mazishi. Aliyeiona baa kama mahali pa kunywea tu hakuiona yote.

Mwaka 1996 msanii Heklina, aliyejipa jina la volkano ya Hekla ya Iceland, alianzisha onyesho la Jumanne usiku pale The Stud. Lilidumu hadi 2008, wiki hadi wiki. Jumanne ni siku mbovu kwa baa yoyote, na ndiyo maana alipewa. Humo ndimo dragi ya San Francisco ilipojifunza kuwa chafu, ya kutisha, ya kuchekesha na ya kisiasa kwa pamoja, mbali na mashindano ya urembo. Kuanzia 2010 Ijumaa zilishikwa na VivvyAnne ForeverMORE pamoja na Glamamore, fundi wa mavazi ambaye mkono wake unaonekana kwenye majukwaa mengi ya jiji. Vijana waliokuja kutazama wiki moja, wiki iliyofuata walipanda.

Hilo la kila wiki ndilo moyo wa kisa chenyewe. Sanaa ya majaribio inataka mahali pa kukosea kwa bei nafuu. Msanii anapewa dakika 5, wimbo mmoja, na hadhira iliyosimama hatua mbili kutoka alipo. Gauni la karatasi linachanika katikati ya wimbo, mzaha unaanguka, watu wanaguna, na Ijumaa ijayo anarudi na kitu kingine. Ukumbi rasmi unaoweka onyesho moja baada ya miezi 8 ya maandalizi hauwezi kumpa mtu nafasi 40 za kukosea kwa mwaka. Baa inaweza.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa jinsi msanii wa dragi anavyolipwa. Ni kutunza. Umeona kwenye taarabu mtu anainuka kitini, anatembea kwa madaha hadi mbele, anamwekea mwimbaji noti mkononi au kumbandika kwenye paji la uso, na kwa tendo hilo anaujibu wimbo mbele ya ukumbi mzima. Kwenye dragi mambo ni hivyohivyo: noti za dola moja moja zinanyooshwa kuelekea jukwaani, msanii anazipokea bila kuacha kucheza. Juu ya tuzo hizo kuna malipo madogo ya usiku kutoka baani. Wengi wana kazi nyingine mchana. Wigi, vipodozi na viatu vinakula sehemu kubwa ya kinachopatikana. Msanii wa hali hii hawezi kuchangia pango lililopanda mara 2 na nusu, na baa inayomtegemea haiwezi kumkamua zaidi.

Hesabu ya pango

Tuifanye hesabu, kwa kuwa watu wa sanaa tuna tabia ya kuikimbia. Ongezeko ni dola 5,700 kwa mwezi, sawa na dola 68,400 kwa mwaka. Kama kiingilio ni dola 10, unahitaji watu 570 zaidi kila mwezi kulipia ongezeko tu, kabla hujamlipa msanii hata senti. Baa inayokabiliwa na hesabu hiyo itafanya nini na Jumanne yake? Itatafuta sherehe inayojaza. Jambo la kwanza kufa chini ya pango jipya ni usiku wa majaribio, hata kama mlango umebaki wazi.

Pango lile nalo halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2011 jiji lilitoa msamaha wa kodi ya mishahara kwa kampuni zitakazohamia sehemu ya kati ya Mtaa wa Market na kitongoji jirani cha Tenderloin, na 2012 Twitter ikahamia jengo kubwa la Market. Nyuma yake wakaja watu wenye mishahara minono, na nyuma yao wanunuzi wa majengo. Maghala na karakana za Kusini mwa Market, mahali ambapo baa za kuchu zilistawi kwa sababu hakuna mwingine aliyepataka, ghafla pakawa panatakiwa na kila mtu.

Sasa utauliza: San Francisco si jiji maarufu kwa kulipia sanaa? Ni kweli. Tangu 1961 sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli imekuwa ikienda kwenye mfuko wa sanaa, na Novemba 2018 wapiga kura waliikubali hoja ya kutenga upya asilimia 1.5 kati ya zile asilimia 14 za kodi hiyo kwa sanaa na utamaduni. Kuna Tume ya Sanaa yenye ruzuku zake. Kuna Queer Cultural Center, iliyoanzishwa 1993, na tamasha lake la kitaifa la sanaa za kuchu tangu 1998. Kwa wanadansi kuna tamasha la Fresh Meat lililoanzishwa 2002 na Sean Dorsey, mwanadansi aliyebadili jinsia, likiwapa wachezaji waliobadili jinsia jukwaa lenye taa na sauti zinazostahili. Kwa kulinganisha na miji mingi duniani, huo ni utajiri.

Ila ruzuku za aina hii hutolewa kwa asasi isiyo ya faida. Baa ni biashara. Msanii binafsi asiye na asasi anaweza kupita chini ya mwavuli wa asasi iliyosajiliwa: fedha zinaingia kwenye akaunti yao, wanakata asilimia fulani ya uendeshaji, kilichobaki wanampa yeye. Dancers' Group, asasi ya wanadansi iliyoanzishwa San Francisco 1982, imewabeba wengi kwa njia hiyo, na ni kazi ninayoiheshimu sana kwani inamwondolea mwanadansi makaratasi. Hata hivyo utaratibu wote umejengwa juu ya mradi: una jina, una tarehe, una bajeti, una ripoti ya mwisho. Ijumaa ya kila wiki katika baa haina umbo la mradi. Haiwezi kuandika katika fomu kwamba wiki ya 23 msanii fulani atagundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Na serikali kuu ilikuwa imejitoa zamani. Mwaka 1990 mfuko wa taifa wa sanaa, NEA, uliwanyima ruzuku wasanii wanne wa maonyesho, Karen Finley, Tim Miller, John Fleck na Holly Hughes, ingawa jopo la wataalamu lilikuwa limewapendekeza. Watatu kati yao walikuwa wapenzi wa jinsia moja na kazi zao zilisema hivyo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo 1998 ilikibakiza kifungu cha sheria kinachotaka mfuko uzingatie heshima na adabu. Katikati ya miaka ile Bunge lilikuwa limeshaufutia mfuko huo ruzuku nyingi za msanii mmojammoja. Mwaka 2025 NEA ikarudi tena kuwataka waombaji waahidi kwamba fedha zake hazitatumika kueneza kile ilichokiita itikadi ya jinsia, na asasi za sanaa zikaenda mahakamani. Mtu anayeweka matumaini ya jukwaa la kuchu kwenye fedha za serikali kuu anajenga juu ya mchanga.

Niliwahi kuwa katika kikundi cha ngoma na maigizo kilichofanyia mazoezi kwenye ghala la kupanga. Mfadhili alitulipia mavazi, akatununulia ngoma, akatuchapia mabango yenye nembo yake. Pango hakuligusa, kwa maelezo kwamba pango si shughuli ya sanaa. Mwenye ghala alipopata mpangaji wa kuweka saruji, tulipewa wiki 2 za kuondoka. Mavazi yapo hadi leo, yamekunjwa sandukuni. Kikundi hakipo. Ndiyo maana niliposoma habari za The Stud sikuweza kuzisoma kama habari za watu wa mbali.

Watu 18 mezani

Katika yote yaliyokuwepo mwaka 2016, msaada mmoja ulikuwa umeliona tatizo mahali lilipo. Novemba 2015 wapiga kura wa San Francisco walikuwa wamepitisha mfuko wa biashara za urithi, uliopiganiwa na diwani David Campos. Biashara yenye miaka 30 au zaidi inayohesabika kuwa sehemu ya historia ya mtaa ingeweza kupewa hadi dola 500 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi. Na mwenye nyumba atakayeipa biashara hiyo mkataba wa angalau miaka 10 angelipwa dola 4.50 kwa kila futi ya mraba kwa mwaka. Nakipenda kifungu hiki cha pili kuliko ruzuku nyingi zenye majina mazuri. Kinazungumza na mtu mwenye ufunguo. The Stud iliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2016, na haikuwa bahati nasibu: Nate Allbee, mmoja wa wanaushirika, alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya Campos na alishiriki kuusuka mpango wenyewe. Alijua mlango uko wapi kwa kuwa alikuwepo ukipigwa msumari.

Wenzake nao hawakuwa watu wa kubahatisha. VivvyAnne aliijua baa kutoka jukwaani. Marke Bieschke ni mwandishi wa habari za jiji. Honey Mahogany, mzaliwa wa San Francisco wa wazazi kutoka Ethiopia, aliyekuwa amekwisha kuonekana kwenye shindano la dragi la RuPaul kwenye televisheni, mwaka 2017 alishirikiana na Aria Sa'id na Janetta Johnson kuanzisha wilaya ya utamaduni ya watu waliobadili jinsia, palepale ulipokuwa mgahawa wa Compton's. Baadaye akawa mwenyekiti wa chama cha Democratic cha jiji. Wengine walikuwa madijei, wahudumu wa kaunta, waandaaji wa sherehe.

Umbo walilochagua ni ushirika wa wafanyakazi: wenye kufanya kazi ndio wenye mali, na kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka kikubwa au kidogo. Sisi hatuna haja ya kufundishwa hili. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha KNCU tangu 1933, na leo kuna SACCOS karibu kila mahali pa kazi. California ilikuwa imepata sheria mpya ya ushirika wa wafanyakazi iliyoanza kutumika Januari 1, 2016, miezi 6 tu kabla ya kikao cha The Stud. Jiji pia lilikuwa na mfano wake: Lusty Lady, ukumbi wa wachezaji uchi, ulinunuliwa na wafanyakazi wenyewe 2003. Ukafungwa 2013. Kilichoumaliza ni mzozo wa pango na mwenye jengo.

Mfano ule ulikuwa unaongea kwa sauti kubwa, nami nadhani wanaushirika wa The Stud waliusikia. Ila hawakuwa na fedha za kuununua ukuta. Walichoweza kununua ni biashara: jina, wateja, vyombo, na haki ya kuuza pombe, ambayo San Francisco huhesabiwa kuwa mali kwa sababu leseni za pombe kali zina ukomo. Jengo lilibaki la mtu mwingine.

Sitaki kuudunisha ushirika wao. Ulifanya jambo ambalo mfadhili hawezi kulifanya: ulihakikisha kwamba anayeamua nani apande Ijumaa ni mtu aliyewahi kupanda Ijumaa. Hakuna mwekezaji wa kuuliza kwa nini Jumanne haijazi. Msanii aliyekataliwa kwingine kwa sababu kazi yake inasumbua akili alikuwa na mahali pa kwenda. Lakini kuna gharama ambayo wanaosifu ushirika huisahau. Msanii aliyegeuka mmiliki anakaa kwenye vikao vya bima, vya bomba lililoziba, vya kodi ya mauzo. Saa hizo zinatoka mahali fulani, na zinatoka kwenye mazoezi. Mfadhili mwenye busara angewaajiri mhasibu na meneja mmoja kwa miaka 3 na kuwaachia wao jukwaa. Msaada wa namna hiyo hauna picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti, na huenda ndiyo sababu hautolewi.

Machi 2020

Baa zilipofungwa kwa amri katikati ya Machi 2020, mapato yakawa sifuri kwa siku moja. Pango halikuwa sifuri. Wanaushirika walihamishia maonyesho mtandaoni, wasanii wakichezea jikoni na vyumbani mwao, watazamaji wakiwatunza kwa simu. Wafanyakazi wa usiku wa jiji lote waliundiwa mfuko wa dharura, SF Queer Nightlife Fund, na ulisaidia watu kula. Lakini Mei ushirika ulitangaza kuliacha jengo la Mtaa wa 9, na Mei 31 ukaifanyia baa mazishi ya dragi mtandaoni, kilio na mapambo kamili.

Sasa utazame upande wa pili wa Mtaa wa Market, kwa kuwa ulinganisho huu ndio ulionifanya niandike. Mwaka 1991 wasanii akina Keith Hennessy, mwanadansi na mtu wa sarakasi, walianzisha ukumbi mdogo kwenye namba 848 Divisadero: dansi ya majaribio, maonyesho ya miili, kazi za kuchu zisizokuwa na mahali pengine. Mwaka 2005 ukumbi ule ukawa CounterPulse na kuhamia Mtaa wa Mission, karibu na jengo ambalo Twitter ingekuja kulihamia. Wakakabiliwa na pango lilelile lililowakabili wengine. Tofauti ni kilichofuata. Mwaka 2013 iliundwa asasi iitwayo CAST kwa dola milioni 5 za mwanzo kutoka Kenneth Rainin Foundation, na kazi yake ikawa moja: kununua majengo kabla hayajapanda zaidi, kuyashikilia, na kuwauzia wasanii polepole. CAST ilinunua namba 80 Mtaa wa Turk, uliokuwa ukumbi wa filamu za ngono, ikawapangisha CounterPulse kwa miaka kadhaa huku bei ya kununulia ikiwa imewekwa tangu mwanzo. Walifungua milango 2016. Wakachangisha, wakalipa, na 2023 jengo likawa lao.

Janga lilelile lilizipiga nyumba zote mbili. CounterPulse nayo ilifunga milango, nayo ilipoteza mapato. Ila mwenye nyumba wake alikuwa ameumbwa kwa ajili ya kumlinda, na The Stud alikuwa na mwenye nyumba wa kawaida. Sisemi mwenye nyumba wa kawaida ni mtu mbaya. Jengo lake ni biashara yake. Ninasema kwamba usiku wa dragi hauwezi kuegemea huruma yake.

Hapa naweza kukosolewa kwamba CounterPulse ni asasi isiyo ya faida na hivyo ilistahili fedha ambazo baa haistahili. Kisheria ndivyo ilivyo. Kisanaa sioni tofauti kubwa. Msanii yuleyule anaweza kupanda kwenye baa Ijumaa akiwa na dakika 5, kisha miezi 6 baadaye akazikuza dakika hizo kuwa onyesho la saa nzima kwenye ukumbi wa dansi. Ukilinda ukumbi na kuiacha baa ife, umehifadhi mtungi na kukausha kisima. Na hakuna kinachozuia asasi ya aina ya CAST kulimiliki jengo na kuipangisha baa ya ushirika kwa mkataba wa miaka 20. Jengo linaweza kuwa la asasi, kaunta ikawa ya biashara.

Mei 2023 jiji lilimtangaza D'Arcy Drollinger kuwa balozi wake rasmi wa dragi, wa kwanza Marekani, kwa posho ya dola 55,000 kwa miezi 18. Nilifurahi kwa dhati. Jiji lililowahi kumfunga mtu kwa gauni lake sasa linamlipa. Lakini rudi kwenye hesabu ya juu: ongezeko la pango la The Stud peke yake, kwa mwaka mmoja, lilikuwa dola 68,400. Heshima ya miezi 18 kwa msanii mmoja ni ndogo kuliko ongezeko la miezi 12 kwa jukwaa moja. Ningeshika mimi kalamu ya bajeti, ningeweka vyote viwili, na cha pili ningekiweka kwanza.

Najua wasomaji wengi wa makala hii wako mahali ambapo mambo haya hayawezi kuigwa yalivyo. Uganda ilipitisha sheria kali dhidi ya watu kuchu 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilivibakiza vifungu vya adhabu 2019, ingawa Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba asasi ya kutetea haki za watu hawa isinyimwe usajili. Ushirika unaandikisha majina, na jina kwenye karatasi linaweza kumponza mwenyewe. Kwa hiyo simwambii mtu wa Kampala au Dar aende ofisi ya msajili kesho. Ninachoona kinasafiri hadi huku ni swali moja la kumuuliza mfadhili anapokuja na mavazi na mabango: mkataba wa mahali tunapofanyia mazoezi unaisha lini, na nani ataulipia?

Wanaushirika wa The Stud hawakutawanyika. Karibu miaka 4 bila ukumbi waliendelea kukutana, kuchangisha na kutafuta, na hilo nalihesabu kuwa ushindi wa ushirika wenyewe. Baa ya mtu mmoja isingedumu bila kuta kwa muda huo. Aprili 2024 walifungua namba 1123 Mtaa wa Folsom, mwendo mfupi kutoka namba 1535 ilikoanzia 1966. Taa zikawashwa, dragi ikarudi, noti za dola moja moja zikanyooshwa tena.

Bado wamepanga. Kwa hiyo nikipata habari zao, la kwanza ninalolitafuta ni tarehe ya mwisho wa mkataba, na kama kuna mtu aliyekwisha kwenda kuulizia bei ya jengo.